TUSITAFUTE MCHAWI KABLA YA KUTAZAMA TAA

Wazee hutwambia ya kuwa jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi". Ni jina jema sana. Lakini katika likizo fupi iliyopita niliona nyumbani kwetu ya kuwa uchawi tumeutupa kwa midomo tu. Mioyoni bado tunao.

Baba aliuza magunia matatu ya mahindi akanunua ruta, yaani kile chombo kipokeacho intaneti kutoka mnarani na kuigawa kwa simu za nyumbani. Hakuinunua kwa anasa. Dada yangu amemaliza Kidato cha Sita, na maombi kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupelekwa kwa njia ya mtandao. Zilikuwa zimebaki siku tano tu maombi yafungwe.

Tukaiwasha. Simu zikaonyesha zimeungana na ruta, lakini hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Palepale maneno yakaanza. Jirani akasema tumeonewa kijicho. Mjomba akasema mwenye duka ni mwizi. Binamu yangu akatwaa sindano, akabonyeza kitundu cha nyuma, na mipangilio yote ikafutika, hata neno la siri tuliloliweka. Siku tatu zikapotea. Dada analia, na Baba akanigeukia akasema, "Wewe usomaye sayansi, sayansi yako iko wapi?"

Swali lile lilinichoma. Nikachukua daftari, nikaanza karibu nikaenda mbali.

Kwanza umeme: taa yake inawaka. Pili waifai: nikasoma neno la siri la kiwandani lililobandikwa chini ya ruta, simu ikaungana tena. Hapa ndipo wengi wakoseapo. Kuungana na ruta si kuungana na dunia, kama vile kufika stendi si kufika Mbeya. Tatu laini: nikaitoa nikaitia katika simu ya Baba, intaneti ikaja. Basi laini ni nzima, na kifurushi kipo. Nne mawimbi: taa yake ilikuwa nyekundu, kwa kuwa ruta tuliificha chumba cha ndani, katikati ya kuta nene za matofali. Nikaihamishia dirishani, upande wa mnara, ikawa kijani. Hata hivyo intaneti haikuja.

Tano, nikaufungua ukurasa wa ruta yenyewe kwa tarakimu zilizoandikwa chini yake. Pale palipoandikwa APN, yaani jina la lango la kampuni ya simu, palikuwa patupu. Nikawapigia watu wa huduma, wakanitajia jina, nikaliandika, nikaizima ruta na kuiwasha. Dada alipeleka maombi yake siku moja kabla ya kufungwa.

Mchawi alikuwa nani? Neno moja lililokosekana!

Sisemi ya kuwa kila kosa liko nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ziliharibika, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Siku ile hata fundi hodari wa Ufipa asingefaa kitu kwa kubonyeza vitundu. Lakini atajuaje ya kuwa kosa liko mbali, yule ambaye hajatazama karibu?

Basi nina maoni matatu. Wauzaji waiwashe ruta mbele ya mnunuzi, na intaneti ionekane kabla ya fedha kutolewa. Walimu wetu watupe saa moja kila muhula ya kutafuta kosa katika chombo kibovu, kitu kimoja baada ya kingine, na kuandika tulichokiona. Maana darasani twajifunza vyombo vinavyofanya kazi, na nyumbani twakuta visivyofanya. Nanyi wazazi wetu, kabla ya kumshutumu jirani, mwenye duka au mtoto, ulizeni kwanza: taa ipi inawaka, na ipi haiwaki?

Tukifanya hivyo, mji wetu utastahili jina lake.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu