Komredi, dai ufunguo wa maabara

KAMA unasomea kozi ya sayansi katika chuo kikuu chochote nchini, hebu jiulize: Ni mashine gani ya utafiti unayoweza kuwasha, kutumia na kuzima wewe mwenyewe? Usitaje kompyuta. Usitaje pia hadubini ile ndogo uliyoizoea tangu sekondari.

Wengi wetu tukijibu kwa ukweli, jibu ni hakuna. Mashine kubwa tunazijua kwa kuchungulia dirishani. Mlango umefungwa kwa kufuli, ufunguo uko kwa mtu fulani, na huyo mtu yuko mkutanoni. Ama mlango uko wazi, lakini mashine imebandikwa karatasi: "Imeharibika." Hiyo karatasi yenyewe imekaa hapo hadi imegeuka rangi. Wewe unaendelea kulipa karo, na deni la HELB linaendelea kupanda.

Usinielewe vibaya. Sisemi vyuo vyetu haviwezi kitu. Mnamo Mei 2018, 1KUNS-PF, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kwa usaidizi wa shirika la anga za juu la Japan na Umoja wa Mataifa. Ilikuwa na upana wa sentimita 10 tu kila upande, kitu cha kubeba kwa mkono mmoja. Miaka 17 kabla ya hapo, mnamo 2001, watafiti wa chuo hicho hicho walikuwa wameanza kufanyia majaribio chanjo ya Ukimwi hapa Kenya.

Na kuna Prof Thomas Odhiambo, mwanasayansi wa wadudu aliyefunza Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 1970 alianzisha kituo cha icipe, ambacho leo makao yake yako Kasarani. Utafiti wa kituo hicho kule Mbita, ukishirikisha wenzao wa Rothamsted, Uingereza, ndio uliowapa wakulima mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nepia pembeni mwa shamba. Desmodiamu humfukuza nondo anayezaa viwavi wa mabua, nayo nepia humvutia nje ya mahindi. Kama nyumbani kwenu ni Magharibi au Nyanza, huenda shamba kama hilo umelipita.

Kwa hivyo akili ziko. Kinachokosekana ni nini?

Cha kwanza ni pesa, na hapo hatuhitaji kubahatisha. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema serikali itatenga asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti kila mwaka. Hiyo ni sheria iliyopitishwa na Bunge, si ahadi ya jukwaani. Zaidi ya miaka 10 baadaye, kiwango hicho hatujawahi kukikaribia.

Lakini pesa si hadithi yote, na hapa ndipo nataka unisikize vizuri. Sisi tunapenda kununua, hatupendi kutunza. Mashine ikiletwa, kuna utepe wa kukatwa, hotuba na picha. Miaka mitatu baadaye ufadhili wa mradi unaisha, na kandarasi ya ukarabati inaisha nayo. Kipuri kimoja kidogo kinatakiwa kutoka ng'ambo, kinauzwa kwa dola, na hakuna aliyekiweka kwenye bajeti. Mashine ya mamilioni inalala kwa sababu ya kifaa kinachotoshea mfukoni.

Mwenye matatu yeyote mtaani angekucheka. Yeye anajua kwamba siku ananunua gari ndiyo siku anaanza kuweka hela za oili, magurudumu na breki. Gari likilala gereji, hakuna anayemletea hela ya siku. Mbona chuo kikuu chenye maprofesa wa uhandisi na wa uchumi kishindwe na hesabu hiyo?

Somo hili tulipaswa kulipata kutoka hospitalini. Mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali za kaunti ulianza 2015. Seneti ilipoufuatilia, ilibainika kwamba kuna mashine zilizofika mahali ambapo hapakuwa na wahudumu wa kuziendesha, au stima ya kutosha. Mgonjwa hatibiwi na mashine iliyofunikwa turubai. Mwanafunzi naye hafunzwi nayo.

Halafu kuna hiyo stima yenyewe. Unakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilipoingia giza? Wewe labda uliwaza simu yako itazima. Sasa fikiria friji ya maabara inayotakiwa kukaa nyuzi 80 chini ya sufuri, ikiwa na sampuli za damu zilizokusanywa kwa miaka minne. Bila jenereta inayowaka yenyewe, uzamifu wa mtu unayeyuka polepole usiku huo. Hakuna mtihani wa marudio kwa sampuli zilizooza.

Najua kuna mhadhiri atakayesema, "Hawa vijana tukiwafungulia, wataharibu." Sawa, hofu hiyo ina msingi. Mashine hizi ni ghali na kosa moja linaweza kugharimu mamilioni. Lakini mashine huharibika pia kwa kukaa bure. Vumbi na unyevu havingojei kibali cha mtu. Na kama hatufunzwi kuzitumia sasa, tutafunzwa lini? Mwajiri akikuuliza kwenye mahojiano kama umewahi kuendesha mashine iliyo kwenye cheti chako, utamwambia uliiona kwa projekta?

Dawa yake ni mafunzo, si kufuli. Mwanafunzi afunzwe, atahiniwe, apewe kibali, kisha aandikishe jina na saa yake kwenye ratiba. Atakayeharibu kwa uzembe ajulikane na awajibike. Na fundi wa maabara, yule tunayempita kwenye korido bila hata salamu, aajiriwe kwa mkataba wa kudumu na apelekwe mafunzoni. Bila yeye hakuna maabara, kuna stoo tu.

Pia vyuo viache uchoyo. Hakuna haja ya kila chuo kununua mashine ile ile kisha zote zilale. Kila chuo kichapishe kwenye tovuti yake orodha ya vifaa, kikieleza kipi kinafanya kazi, kipi kimekufa na bei ya kukitumia ni gani. Mtafiti wa Maseno akijua kifaa anachotaka kiko Eldoret, atapanda gari asubuhi badala ya kutuma sampuli Ulaya na kungoja miezi.

Haya yote hayatakuja yenyewe, komredi. Msimu wa uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, wagombea huja na tisheti, muziki na ahadi za Wi-Fi. Chukua tisheti ukitaka, lakini uliza swali. Maabara yetu ina mashine ngapi? Ngapi zinafanya kazi? Ile pesa ya maabara iliyo kwenye karo yangu inaenda wapi? Akikosa jibu, mwambie akalitafute kwanza ndipo arudi kuomba kura.

Na usingoje uchaguzi. Wiki hii nenda kwa fundi wa maabara ya idara yenu, msalimie, kisha umwombe akuonyeshe mashine moja na namna inavyofanya kazi. Wengi wao hawajawahi kuulizwa na watafurahi. Mkienda watano, kumi, itabidi mwenyekiti wa idara ajue mko. Ufunguo umekaa kwenye droo kwa sababu hakuna anayeuuliza. Uuuliize wewe.