Maji ya chumvi si bahari, bwana!

Niko Utemini, hapa Singida mjini, kwenye upepo usiobisha hodi na kuku wasiohitaji kutangazwa. Wiki hii tuyape likizo mambo ya ndoa na michango ya harusi, tuzungumze samaki. Si wa kukaanga. Wa kutazama.

Sisi watu wa Singida tuna ugonjwa mmoja. Kwa kuwa mji wetu umepakana na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, tunajiona watu wa pwani tuliokosa minazi tu. Ndiyo maana sikushangaa jirani yangu mmoja, kijana aliyeuza alizeti zake vizuri, aliponijia na mpango wake. Anataka tangi la kioo la lita 200 ndani ya saluni ya mkewe, humo mna matumbawe na samaki wa rangi rangi kama wa Zanzibar. Kawaona kwenye simu.

"Kaka, maji nachota Singidani. Chumvi si ipo?"

Mkewe alikuwa kasimama mlangoni, kimya. Pesa hiyo hiyo alikuwa ameahidiwa drayer mbili. Na kimya cha mwanamke aliyeahidiwa drayer si cha kupuuza hata kidogo!

Nikamkalisha kijana. Nikamwambia, chumvi ya ziwa letu si ya bahari. Maziwa yale hayana mto wa kuyatoa maji; jua na upepo vinayakausha, chumvi na magadi vinabaki. Mvua ikinyesha sana ukali unapungua, kiangazi kikikaza unapanda. Ndege heroe wanayapenda, lakini samaki wa matumbawe utamwua asubuhi hiyo hiyo. Bahari ina kipimo chake: kama gramu 35 za chumvi kwa lita, na ndani yake mna kalsiamu karibu miligramu 400 na magnesiamu karibu 1,300. Tumbawe linajenga mifupa yake kwa kalsiamu hiyo. Chumvi ya jikoni nayo haifai, hata ukimimina mfuko mzima.

"Basi nitaagiza maji Dar, yaje na basi."

Haya, hesabu. Madumu kumi ya lita 20, safari ya karibu kilomita 700. Konda atakuuliza kama unahamisha Bahari ya Hindi. Na si mara moja, bwana. Kila wiki mbili hivi inabidi ubadilishe sehemu ya kumi ya maji, yaani dumu zima. Njia ya wenye akili ni kuagiza chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari. Lita 200 zinataka kilo 7 na ushee. Unaikoroga kwenye maji yaliyochujwa mpaka madini yote yametoka, maana maji ya visima vya huku kwetu yana madini mengi, floraidi ikiwemo. Kisha unapima kwa hidromita: 1.025, hapo umefika.

Upepo wetu nao utakunywa maji ya tangi kila siku. Hapo wengi ndipo wanapopotea, wanaongeza maji ya chumvi. Hapana! Maji yanapaa, chumvi inabaki. Ongeza maji baridi yaliyochujwa, basi.

Tena tumbawe si jiwe, wala si ua. Ni mnyama, na ndani ya mwili wake mnaishi vijimea vidogo sana vinavyomlisha kwa nguvu ya mwanga. Maji yakichemka mno anavitema, anabaki mweupe kama mfupa. Mwaka 1998 bahari ya Afrika Mashariki ilipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yakafa hivyo. Kwa hiyo tangi linataka taa yake, na hita ya kushika nyuzi 25 au 26, maana baridi ya Juni hapa mnaijua wenyewe. Umeme ukikatika? Uwe na pampu ya hewa ya betri, la sivyo samaki watakosa pumzi usiku huo huo.

Hapo kijana akaanza kujikuna kichwa. Nikamwongeza la mwisho: wiki nne mpaka sita za mwanzo, hakuna samaki. Ni maji, mchanga na mawe tu. Uchafu wa samaki unatoa amonia, nayo ni sumu. Wapo bakteria wa kuigeuza iwe naitraiti, ambayo bado ni sumu, na wengine wa kuigeuza naitreti, ambayo ina nafuu. Lazima wazaliane kwanza. Ukipima amonia na naitraiti zikasoma sifuri, ndipo utie samaki mmoja, wawili. Matumbawe yasubiri miezi.

Mkewe akafungua mdomo. "Shemeji, na mimi wateja wangu wasubiri miezi?"

Tukacheka, lakini jibu lilikuwa limeshapatikana. Drayer zinanunuliwa kwanza. Faida ya saluni ndiyo itakayolisha tangi, si tangi kuila saluni.

Nawe msomaji unayejiandaa, shika haya. Usidanganyike na kitangi cha lita 20 kwa kuwa ni rahisi. Maji machache huharibika upesi kuliko mengi. Na usimtume mtu wa pwani akuvunjie tumbawe baharini. Yapo matumbawe yanayokua sentimita moja tu kwa mwaka, na tangu mwaka 1994 tunayo Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Nunua kwa muuzaji mwenye kibali, vipande vilivyooteshwa. Kama huna subira ya wiki sita za kutazama mawe, nunua picha ya bahari, itundike ukutani. Haili, haifi, na haitaki umeme.

Tukijaliwa, wiki ijayo.