Wazee na Ukoko wa Jungu

Lipo neno lisemwalo mara kwa mara wakati wa kupakua chakula, nalo husemwa kwa upole hata likadhaniwa kuwa ni heshima: mzee hali sana. Kikombe cha chai ya rangi na kipande cha muhogo humtosha, na akiacha nyama pembeni mwa sahani, husemwa kuwa ndiyo tabia ya uzee. Neno hilo lina kweli kidogo na uongo mwingi, na kwa ajili ya ile kweli kidogo, ule uongo umepata makao katika nyumba nyingi, mjini Miembeni katika Bukoba na vijijini Muleba pia.

Kweli yake ni hii. Mwili ukizeeka, misuli hupungua na kazi hupungua, basi nguvu itakiwayo kutoka katika chakula hupungua vilevile. Meno hung'oka, mate hukauka, ulimi hupoteza wepesi wa kutambua ladha. Lakini kupungua kwa hamu si kupungua kwa haja. Protini, ijengayo misuli, haipungui kuhitajiwa. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitoa kipimo cha gramu 0.83 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima. Mwaka 2013 jopo la mabingwa wa tiba ya uzee likapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 kwa wazee. Basi mzee wa kilo 50 ataka gramu 50 au zaidi. Ndizi zilizopikwa zina kiasi cha gramu 1 tu katika gramu 100. Ampaye mzee ndizi tupu na ampe kilo 5 kila siku, au akiri kwamba anamnyima.

Wala Wahaya wa zamani hawakula ndizi tupu. Kibanja kilitoa ndizi na maharage vikapikwa chungu kimoja. Rweya ilitoa njugu mawe. Mvua zilileta senene. Ziwa lilitoa furu. Mambo hayo hayakuharibiwa na uzee wa mtu yeyote. Ng'ombe walipopungua, samadi ilipungua na udongo ukachoka. Katikati ya miaka ya 2000 mnyauko wa bakteria uliingia Kagera ukaangusha migomba. Sangara, aliyeingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, alikuwa amewamaliza furu wengi ilipofika miaka ya 1980, naye mwenyewe akapata bei Ulaya ambayo mfuko wa mzee haukuifikia. Kwa hiyo isemwapo kwamba mzee fulani ameacha ndizi na maharage akazoea ugali wa muhogo usio na kitoweo, yafaa kuulizwa ni nini kilichobadilika: ulimi wake, au shamba, ziwa na soko?

Iko sababu nyingine, nayo ni chungu zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata mabibi wengi waliwazika wana wao, wakabaki na wajukuu wa kulea. Mlezi hula mwisho. Bibi asemapo ameshiba kabla sufuria haijamfikia, hasemi habari ya tumbo lake; asema habari ya sufuria.

Wapo watakaojibu kwamba wazee ni wagumu wa mazoea, na hata wakipewa fedha hawatazitumia vema. Jibu liko Nshamba, wilayani Muleba, ambako tangu mwaka 2003 mradi wa Kwa Wazee umewapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi. Ripoti ya mwaka 2008 juu ya kazi hiyo ilipewa jina litajalo chumvi, sabuni na viatu vya shule. Je, huo ndio ubadhirifu? Zanzibar nayo, mwezi wa Aprili 2016, ilianza kuwalipa wote waliotimiza miaka 70 pasipo kuuliza kama walipata kuajiriwa. Lililowezekana visiwani haliwezi kuitwa ndoto ng'ambo ya pili ya maji.

Tena si kila dawa yangoja serikali. Dagaa wakavu wa ziwa hilohilo ni protini kwa nusu ya uzito wao au zaidi. Wakisagwa na kutiwa katika maharage hawahitaji meno. Hata hivyo sehemu kubwa ya dagaa hao huishia katika chakula cha mifugo. Kuku hulishwa dagaa, na mzee asiye na meno hupewa chai.

Lawama hii haiwaepuki wasomi. Jungu kuu halikosi ukoko, husema methali, nao huikariri wanapowaendea wazee wa Buhaya kutafuta tendi za enanga na habari za kale. Huchota maneno, hushukuru, huondoka. Wangeuliza pia mzee amekula nini jana, na nani alikula kabla yake, utafiti wao ungepata sura ambayo haimo vitabuni. Jungu husifiwa kwa ukoko wake, na huku mwenye jungu ameachiwa ukoko huo kuwa ndio chakula. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini mwenye elimu hana udhuru huo.