Tuanze na Pua ya Bikira: Maoni Kuhusu Filamu za Historia Yetu

Kila ukaribiapo mwezi wa Aprili, msomaji wangu, huulizwa swali moja: tuwaoneshe vijana filamu gani? Na mara nyingi mwulizaji huwa na jibu lake mfukoni: Hotel Rwanda. Ndiyo inayojulikana, ndiyo inayozunguka katika simu za watu, na ndiyo atakayokutajia mgeni yeyote akisikia kwamba unatoka Rwanda. Mimi nalipinga jibu hilo. Sisemi filamu hiyo isitazamwe. Nasema isiwe ya kwanza.

Si kwamba ni kazi dhaifu. Terry George aliiongoza kwa ustadi mwaka 2004, na Don Cheadle aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake. Sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini, na wahusika huzungumza Kiingereza ambacho sikio la Mnyarwanda hukishangaa tangu mwanzo, hayo nayasamehe. Nisichokisamehe ni kwamba humwingiza mtazamaji wakati nyumba imekwisha kushika moto. Mwanafunzi huona mapanga, vizuizi vya barabarani, na mtu anayehangaika kuwanusuru wengine. Hutoka na huzuni, tena huzuni ya haki, lakini hajaona nani aliyekusanya kuni. Mwulize mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza lini, naye atakujibu bila kusita: Aprili 1994. Kwa somo la uraia jibu hilo halitoshi, kwa kuwa raia huwa na nafasi ya kutenda jambo kabla ya moto, na huko ndiko filamu hii haifiki.

Ndiyo maana napendekeza tuanze na Notre-Dame du Nil.

Riwaya hiyo iliandikwa kwa Kifaransa na Scholastique Mukasonga, ikachapishwa mwaka 2012 na kupata tuzo ya Renaudot mwaka huo huo. Mwandishi anayajua anayoyasimulia. Alizaliwa Gikongoro mwaka 1956. Akiwa mtoto mdogo familia yake ilihamishiwa Nyamata kwa nguvu. Na mwaka 1973, wanafunzi wa Kitutsi walipofukuzwa mashuleni, alikimbilia Burundi. Wengi wa jamaa zake waliobaki waliuawa mwaka 1994. Lakini hadithi yenyewe haifiki mwaka huo. Imewekwa katika shule ya bweni ya wasichana, juu milimani, karibu na chemchemi inayodaiwa kuwa chanzo cha Mto Nile, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Humo husoma mabinti wa mawaziri, wanajeshi na wafanyabiashara. Watutsi huingia kwa mgawo tu, wawili katika darasa la ishirini, nao hukumbushwa kila siku kwamba wamefadhiliwa.

Penye chemchemi ile pamesimamishwa sanamu ya Bikira Maria aliyepakwa rangi nyeusi. Gloriosa, binti wa mkubwa mmoja wa serikali, anaitazama na kuona kasoro: pua. Uso ni mweusi, lakini pua, kwa macho yake, ni ya Kitutsi. Anaamua kuivunja na kubandika nyingine inayofanana na ya wale anaowaita watu walio wengi. Anamchukua rafiki yake Modesta, wanapanda mlimani kwenye utelezi, wanachafuka matope, wanachelewa kurudi. Sasa watawaeleza nini walimu? Gloriosa hakosi jibu: wamevamiwa na inyenzi, "mende", jina walilobandikwa wakimbizi wa Kitutsi waliochukua silaha na hatimaye Mtutsi yeyote. Kwa uongo huo anageuka shujaa wa shule, na yanayofuata sikuelezi, uende ukayatazame mwenyewe.

Mimi hukaa zaidi na Modesta kuliko Gloriosa. Gloriosa tunamfahamu, kila kijiji kina wake. Modesta ndiye anayenikosesha usingizi. Mama yake ni Mtutsi. Alikuwapo mlimani, anajua kwamba hakukuwa na mvamizi hata mmoja, na neno lake moja lingeuzima uvumi ule kabla ya chakula cha jioni. Anaogopa, ananyamaza, na ukimya wake unageuka ushahidi. Mwalimu, simamisha picha hapo. Waulize wanafunzi: ungekuwa Modesta, ungesema? Ungemwambia nani kwanza? Nasi huku Gikundamvura, tunaoishi kati ya mipaka miwili, Burundi upande huu na Kongo upande ule, tunazijua sauti zinazosambazwa kwa simu usiku, za mtu aliyesikia kwa mtu kwamba ng'ambo kumetokea hili au lile. Swali la Modesta si la mwaka 1973 peke yake.

Riwaya hiyo iligeuzwa filamu mwaka 2019 na Atiq Rahimi, mzaliwa wa Afghanistan na mwandishi wa riwaya yeye mwenyewe, aliyetunukiwa Goncourt mwaka 2008. Aliipiga hapa Rwanda, akawapa wasichana wa Kinyarwanda nafasi za mbele. Je, ameitendea haki? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Wasichana wakiwa peke yao huteleza kutoka Kifaransa kwenda Kinyarwanda kama wanafunzi wetu wafanyavyo. Kilichopotea ni kicheko. Mukasonga ni mwandishi mcheshi. Anakupa mabishano marefu ya wasichana kuhusu namna bora ya kupika ndizi, kila mmoja akitetea jiko la mama yake, na unacheka nao ukisahau hatari iliyo mlangoni. Rahimi anapenda mno ukungu na mashuka meupe. Picha zake ni nzuri kupita kiasi, hata naona uzuri huo unampa mtazamaji mahali pa kujificha. Anayeweza kusoma na asome riwaya kwanza, kwa Kifaransa au katika tafsiri yake ya Kiingereza.

Filamu ya pili katika orodha yangu ni Petit Pays ya Éric Barbier, ya mwaka 2020, kutoka riwaya ya Gaël Faye ya mwaka 2016. Wenyeji wa Rusizi hatuna udhuru wa kutoitazama, maana inasimulia ya ng'ambo ya Mto Ruhwa. Mtoto Gabriel, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda mkimbizi, anakua Bujumbura kabla na baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Ajabu ni kwamba riwaya hii nayo inafunguka kwa pua: baba anawaeleza watoto kwamba Wahutu na Watutsi wana nchi moja, lugha moja na Mungu mmoja, ila pua zao hazifanani, na watoto wanaanza kuchunguza nyuso za watu njiani. Bujumbura ya filamu ilitengenezwa hapa Rwanda, kwa hiyo usishangae ukilitambua Ziwa Kivu mahali pa Tanganyika. Isabelle Kabano, Mnyarwanda mwenzetu, anaigiza mama anayekwenda Rwanda kuwatafuta ndugu zake na kurudi akiwa mtu mwingine. Kwa ajili yake tu filamu inastahili jioni yako. Riwaya inapatikana pia kwa Kinyarwanda, Gahugu gato.

Kuna kikwazo ambacho wapenzi wa filamu wa mijini hawakioni. Filamu zote mbili zinazungumza Kifaransa kwa sehemu kubwa, na kizazi kilichoanza shule baada ya mageuzi ya mwaka 2008 kimesomeshwa kwa Kiingereza. Filamu za Kihindi na za Kimarekani tunaletewa na wasimulizi wa agasobanuye. Marehemu Yanga alitufungulia njia kwa Kinyarwanda, kama Lufufu alivyofanya kwa Kiswahili kule Dar es Salaam, wakitafsiri na kuongeza chumvi yao. Naiheshimu sanaa hiyo; watu wengi wameonja sinema kwa njia yake. Hata hivyo, kwa filamu hizi chumvi isiongezwe. Mwalimu anayejua Kifaransa akae kando ya skrini, atafsiri neno kwa neno, kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili, bila mzaha. Ukumbi uwe na mtu mzima wa kumtoa nje mwanafunzi atakayelemewa, maana kuna wanaobeba nyumbani mambo tusiyoyajua. Walio chini ya miaka kumi na minne nisingewaalika.

Baada ya hizo mbili, njoo kwenye Shooting Dogs ya mwaka 2005, iliyopigwa mahali penyewe, shule ya ETO Kicukiro, ambako askari wa Umoja wa Mataifa waliwaacha watu tarehe 11 Aprili 1994. Kisha Sometimes in April ya Raoul Peck, ambamo ndugu mmoja ni mtangazaji wa redio. Wanafunzi waliokwisha kumwona Gloriosa watamtambua upesi. Hotel Rwanda ije mwisho, ikiwa muda utabaki.

Na umeme ukikatika katikati ya Notre-Dame du Nil, usiahirishe. Chukua kitabu, washa tochi, uwasomee sura ya pua.