Kizazi cha kupandikiza na vizazi tunavyovipoteza wenyewe

Waungwana, nimerudi kutoka nyumbani Pemba na nimerudi na hasira. Jioni moja tuko barazani Chake Chake, kijana akatoa simu akatusomea habari za yule mama wa Uingereza aliyejifungua London Februari 2025 kwa kizazi alichopewa na dada yake. Kichwa cha habari: dawa ya ugumba yapatikana. Mzee mmoja akasema hiyo haramu. Mwengine akasema basi tuwapeleke na wake zetu huko. Watu wakacheka, kahawa ikaendelea kumiminwa.

Nianze na hicho kichwa cha habari, maana kazi yangu ni magazeti na najua vinavyopikwa. Ni uongo. Kupandikiza kizazi kunamfaa mwanamke asiye na kizazi kabisa, au ambaye alichonacho hakiwezi kubeba mimba. Wapo waliozaliwa bila kizazi, takriban mmoja katika kila wanawake 5,000, na wapo waliotolewa hospitalini. Mayai yake yanatolewa na kurutubishwa maabara kwa mbegu za mumewe. Kizazi cha mtu mwengine kinashonwa ndani yake kwa operesheni ya saa nyingi. Kisha anameza dawa kila siku ili mwili usikikatae, anazaa kwa kupasuliwa, na akishapata mtoto mmoja au wawili kizazi kinatolewa tena. Wa mwanzo kufanikiwa walikuwa Sweden, timu ya Profesa Mats Brännström wa Gothenburg, mtoto akazaliwa Septemba 2014. Aliyetoa kizazi alikuwa mama wa miaka 61! Hongera zao, sina kinyongo. Sisi wenyewe Tanzania figo ya kwanza tumeipandikiza Muhimbili Novemba 2017, kwa hiyo tusijifanye tuko karibu.

Lakini wengi wa wanawake wanaoitwa wagumba huku kwetu kizazi wanacho. Kilichoziba ni mirija, mara nyingi kwa maradhi ya zinaa yaliyoachwa bila kutibiwa au maambukizi baada ya kuzaa au mimba kuharibika. Ukiwapandikizia kizazi kipya utakuwa umewafanyia nini? Na wapo wasio na tatizo lolote, tatizo analo bwana. Wataalamu wanakadiria kuwa mume anahusika, peke yake au pamoja na mke, katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto. Sasa nitajieni wanaume wangapi mnaowajua waliokwenda kupima mbegu kabla ya kuoa mke wa pili. Mwanamke anakunywa makombe, anakandwa tumbo, anavushwa bahari kwenda Unguja na Dar kwa vipimo. Bwana yuko barazani anasubiri majibu ya mkewe.

Kwa mzee wa haramu nina jibu fupi, na si langu. Wanazuoni wa Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu walikaa Jeddah mwaka 1990 wakalizungumza. Walikataza kupandikiza ovari na korodani kwa sababu hizo hubeba sifa za urithi. Viungo vya uzazi vya ndani visivyobeba urithi waliviruhusu, ikiwepo haja ya kweli na masharti yake.

Na ni Jeddah hiyo hiyo, Aprili 2000, miaka 14 kabla ya mtoto wa Sweden, madaktari walipompandikizia kizazi mwanamke wa miaka 26. Alipata hedhi mara mbili. Siku ya 99 wakalazimika kukitoa, mishipa ya damu ilikuwa imeziba. Hii habari wengi mnaweza kuwa mmeisikia. Kinachorukwa ni kwa nini hakuwa na kizazi: alitolewa miaka sita nyuma kwa sababu ya kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa. Alikuwa na miaka 20.

Niliposoma hilo nilimkumbuka shangazi yangu. Alipelekwa kuzaa mtoto wa kwanza katika hospitali moja ya kisiwani, sitaitaja. Damu haikukatika. Baba na ami walizunguka usiku kutafuta wa kumtolea damu, na zilipopatikana chupa mbili ilikuwa alfajiri. Kizazi kikatolewa ili yeye abaki. Mtoto hakuishi. Mumewe alivumilia miaka miwili, akatoa talaka, na mpaka leo kuna watu mtaani wanamwita mgumba, mwanamke aliyebeba mimba miezi tisa!

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu hii. Walichofanya ni hiki: chini ya mzazi waliweka karatasi ya plastiki yenye mfuko wa alama, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, na ikipita kiasi akapewa matibabu yote papo hapo, kukandwa kizazi, dawa za kukibana, dawa ya kuzuia damu, dripu, uchunguzi. Kutokwa damu kwa kupindukia, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu hiyo au kufa nayo, kukapungua kwa asilimia 60. Plastiki, waungwana. Hakuna profesa wa kutoka Gothenburg.

Kwa hiyo wakati mwengine mtu akikusomea habari za kizazi cha London, muulize kwanza za Mkoani, Wete, Chake na Micheweni. Usiku huu, saa nane, kuna chupa ngapi za damu kwenye friji? Hizo karatasi za plastiki zipo kwenye wodi ya wazazi? Mkunga wa zamu yuko peke yake na wazazi wangapi? Na nyinyi waheshimiwa mnaokaa Chukwani, mnaokwenda Pemba kuomba kura za akina mama hao hao, haya ni maswali ya kumuuliza waziri kwa mdomo na kudai ajibu kwa tarakimu.