Hiyo kompyuta ndogo haijakufa, wandugu

Wandugu vijana, nani kati yetu hana kompyuta ndogo inayolala chini ya kitanda? Ile ya inchi 10, RAM giga moja, ambayo mtengenezaji alikuambia: "Hii imekufa, tafuta makuta ununue ingine." Mimi nilimaliza chuo, kazi sina. Hayo makuta nitayatoa wapi? Na kila tangazo la kazi linaomba CV kwa imeli.

Mimi nasema hivi: mashini haijakufa. Windows njo imekuwa nzito kuipita. Windows 11 inaomba RAM giga 4. Windows 10, Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye mashini ya 2009 anabaki na Windows ya wizi, imejaa virusi vya flashi za siber. Wakati Linux iko, ni ya bure, na hauibii mtu.

Lakini tusidanganyane. Wengi wanaweka Ubuntu juu wamesikia jina, mashini inakwama, kisha wanasema Linux ni mbaya. Usichague kwa jina. Chagua kwa mashini yako. Angalia vitu viwili tu.

Cha kwanza, prosesa. Nyingi za zamani ziko na Intel Atom N270, na hiyo ni ya biti 32 tu. Lubuntu, ambayo watu bado wanashauri, iliacha biti 32 mwaka 2019. Debian 13 ya 2025 nayo haiwekwi tena kwenye mashini za namna hiyo. Ukidownlodi bila kuangalia, mega zako zimeenda bure.

Cha pili, RAM. Kama ni giga moja ao chini, na biti 32, mimi nasema antiX 23: inaweza kutembea hata na mega 256, na toleo lake kamili linakuja na LibreOffice. Puppy pia ni nyepesi, inatumika kutoka kwa flashi bila kugusa diski. Kama uko na biti 64 na giga 2, hapo Lubuntu ya sasa ao Linux Mint Xfce inawezekana.

Ukweli mwingine: Linux haiongeze RAM. CV, barua, PDF, vyote vitaenda vizuri. Lakini ukifungua kurasa kumi za intaneti pamoja, itakwama tu. Fungua mbili.

Sasa neno langu kwetu sisi wote. Fayilo ya antiX kamili inapita giga moja. Kwa bei ya mega kwetu, kila mtu kuishusha peke yake ni kutupa makuta. Leseni inaruhusu kukopi na kugawa. Basi kila mtaa uwe na flashi moja: mmoja ashushe, kumi wakopi. Jaribu kwanza kutoka kwa flashi, mbele ya kufuta kitu. Na memwari yako ya chuo uiweke pembeni, usije ukalia.

Linux haitatupatia kazi, hilo ni deni la wengine na tutaendelea kulidai. Lakini barua yangu ya kesho nitaiandika kwenye mashini yangu, bila kulipa saa ya siber. Toa yako chini ya kitanda.