Waliobeba Hawamo kwenye Picha

Kila likizo vijana tunahimizwa tuijue nchi yetu. Wanafunzi wenzangu wa uzamili huchanga fedha, hukodi Kosta, huenda Moshi kuutazama mlima wenye theluji, hupita Amani kwenye bustani ya Wajerumani, kisha humalizia na picha za mjini Dar es Salaam. Sina ugomvi na safari hizo. Ugomvi wangu ni na masimulizi tunayopewa tukifika: vivutio vyetu vinamkumbuka aliyekuja kuona na kumsahau aliyembebea mzigo.

Tuanze na Kilimanjaro. Shuleni tulikariri kwamba Johannes Rebmann aliiona theluji mwaka 1848, na kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889. Wachaga walikuwa wakiiona theluji hiyo kutoka migombani mwao kabla Rebmann hajazaliwa. Meyer alikipa kilele jina la mfalme wa Ujerumani. Sisi tukakiita Uhuru. Jina tulibadilisha, hadithi tukaiacha vilevile.

Hata leo mgeni hupanda na kibegi cha maji na koti la mvua. Mpagazi, au mgumu kama wanavyoitana wenyewe, hubeba hema, mtungi wa gesi, viti na chakula. Kanuni zinataka mzigo usizidi kilo 20. Humpita mgeni njiani ili huyo akifika kambini akute chai imechemka. Usiku wa kupanda kilele, wapagazi wengi hubaki kambini. Mgeni akishuka hupewa cheti kinachosema amefika mita 5,895. Majina ya waliombebea hayamo.

Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, habari ni hiyohiyo. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo huko mwaka 1902, wakaleta miti kutoka mabara mengine. Ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba ya milima hiyo lilijulikana kwa wanasayansi, kwa zaidi ya karne nzima, kama Saintpaulia, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni. Tunatembea chini ya miti ile tukisoma Kilatini. Nani alifyeka msitu? Nani alichimba mashimo na kupandisha miche mlimani? Swali hilo halimo kwenye matembezi.

Mjini ndiko tunakodanganyika zaidi, maana pale tunadhani Mwafrika amekumbukwa. Mwaka 1916 Waingereza waliing'oa sanamu ya gavana Hermann von Wissmann, na mwaka 1927 wakasimamisha Sanamu ya Askari, ambayo hadi leo iko Mtaa wa Samora. Askari yule ameshika bunduki. Lakini katika Vita Kuu ya Kwanza wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, maradhi na uchovu, wakibeba risasi na unga wa vita isiyowahusu. Maandishi ya chini yanawataja. Ila nani huinama kuyasoma? Tunampiga picha mwenye bunduki, tunaondoka.

Najua jibu nitakalopewa: utalii unaleta ajira, na watu wanasafiri kupumzika, si kufanya mtihani wa historia. Ajira ni kweli. Lakini ajira isiyo na jina ni rahisi kuipunja, kwa sababu mgeni hadai haki ya mtu asiyemfahamu. Na kuhusu kupumzika: tunasikiliza habari za Meyer bila kuchoka. Iweje za mpagazi ndizo ziwe mtihani?

Ninachodai hakihitaji bajeti kubwa. Cheti cha Kilimanjaro kiwe na majina ya wapagazi wote wa safari ile. Kuwe na kibao Amani kinachoeleza kazi ya vibarua walioijenga bustani. Waongoza watalii wafundishwe kuanza na wenyeji, ndipo waje na Rebmann. Na sisi tunaopanda Kosta tumuulize mwenye kampuni, kabla ya kulipa, mpagazi atalala wapi, atakula nini na atalipwa shilingi ngapi kwa siku. Asipotaka kujibu, tutafute kampuni nyingine.